Sinia Pana kwenye Ukuta wa Ghala

Ule ulikuwa mwaka wa maboga. Anayetaka tarehe akaulize ofisini, mimi nakumbuka kwa tumbo. Mahindi yalinyauka yakiwa usawa wa goti, na maboga, ambayo hakuna aliyeyapanda kwa mapenzi, yalitambaa shamba zima kama yamealikwa. Mpanda yote ikala maboga. Asubuhi boga la kuchemsha na chai ya rangi, mchana boga na maharage, jioni majani yake kwa karanga, na ugali ukawa chakula cha Jumapili. Ukipita mlangoni kwa mtu huku mtaani kwetu Shanwe unakutana na harufu ileile uliyoiacha kwako. Mimi nilikuwa nikipasua boga moja nalila mpaka upande wa mwisho unatoa maji na nzi wadogo. Boga halijui kwamba uko peke yako. Halizaliwi boga la mtu mmoja.

Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, mume wangu aliijenga akiwa bado na nguvu, akaweka vyumba vingi kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda wageni. Alipofariki, watoto walikuwa wamekwishaondoka. Binti yangu yuko Majimoto, ana mashine ya kukoboa mpunga. Mdogo wake wa kiume yuko Dar es Salaam, fundi wa magari makubwa. Wajukuu ninao, tena si wa kuokoteza. Mkubwa anasomea uuguzi. Wa pili anaongea Kiingereza mpaka mate yanamkauka. Kuna mmoja wa kike amechukua paji langu hili la uso, limetokeza mbele kama kibaraza, na ubishi wangu wote. Mtu akiniuliza habari za wajukuu ajiandae kukaa.

Lakini jioni mimi hufunga mlango nikala mbele ya redio. Redio ndiyo inayonikaribisha, na ikianza kuzungumzia bei ya mbolea naizima.

Kiangazi cha mwaka huo wakaja wasanii. Walikuwa wachache, vijana wa mji mkubwa, na aliyekuwa akiwaongoza ni binti mwenye rasta ndefu zilizofungwa kwa kitambaa. Walipewa ukuta wa ghala la zamani la tumbaku, ule unaotazamana na uwanja ambapo wamama wanauza dagaa na mkaa, na bodaboda wanangoja abiria. Ukuta ule sote tuliujua. Uliandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni marufuku kukojoa hapa, na wanaume wa Shanwe walikuwa wakisimama kuyasoma maandishi hayo huku wanakojoa.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao, binti akaeleza. Alisema hawakuja kutuchorea, walikuja tuchore wenyewe. Kila nyumba itapewa sinia, yaani duara litakalopakwa rangi ukutani, na kila anayekula kwenye nyumba ile atachovya mkono wake wa kulia kwenye rangi aubandike kuzunguka sinia, vidole vikiangalia chakula. Hakuna jina litakaloandikwa. Mtu akitazama ataona Shanwe nzima imekaa kula kwenye ukuta mmoja. Mzee mmoja aliyekaa nyuma alisimama akauliza kama tukishabandika mikono hatutaambiwa kesho kwamba tumeuza viwanja, maana yeye aliwahi kuweka dole gumba mahali na hajasahau. Binti akamjibu kwa heshima kwamba ukuta hauna muhuri. Mzee akakaa, lakini mikono akaiweka chini ya makwapa.

Siku ya kwanza tuliwachekesha wale vijana mpaka wakashika mbavu. Familia ya kwanza ilikuja na jagi, beseni na sabuni. Baba akanawa, akafuata mama, watoto wakapanga mstari wakanawa, ndipo wakaenda kwenye karai la rangi. Binti akasema, mama zangu, rangi inachafua, naweni baadaye. Yule mama akamwambia hapeleki mkono wenye vumbi kwenye sinia, liwe la chakula au la rangi. Basi tangu siku hiyo jagi likawa linakaa pale chini ya ukuta, na mtu akija ananawa kabla na ananawa baada. Maji yale ya mwisho yalikuwa yanatoka ya buluu, ya njano, yanatiririka hadi kwa wauza mkaa.

Ukuta ukaanza kujaa. Kulikuwa na mikono ya watoto wachanga, midogo kama majani ya mchicha, mama amekishika kiganja akakibandika na mtoto analia. Kulikuwa na wapangaji wanaobishana na mwenye nyumba kama nao wanahesabiwa, na mwenye nyumba anawauliza hivi ugali wa jana uliliwa na nani. Kulikuwa na bwana mmoja, fundi seremala, kidole chake cha kati kilikatwa na msumeno kikabaki nusu. Akabandika mkono kwenye sinia la mke wake, watu wakampigia makofi. Baada ya siku chache mke akaja kutazama ukuta na wenzake, wakaenda mpaka mwisho kule karibu na choo cha soko, wakaona sinia dogo la mama mmoja muuza vitumbua, na pembeni yake mkono wenye kidole cha kati nusu. Sitasema kilichofuata. Ila yule bwana alikula maboga mabichi kwa muda.

Jirani yangu ni mwanamke wa Kisukuma. Watu wake walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini zamani, wakakaa huko Mpimbwe, nchi ya kwetu, wakapigwa na magonjwa ya mifugo, baadaye wakahamia mjini. Tangu siku ya kwanza alipojua mimi ni Mpimbwe wa Usevya alinitangazia utani, wala hakuniuliza kama nataka. Akinikuta nafagia ataniambia Wapimbwe mnafagia sana kwa sababu hamna ng'ombe wa kuwachafulia. Na mimi namwambia Wasukuma mnajua majina ya ng'ombe wote, watoto mnawaita kwa mluzi. Sinia lake pale ukutani lilizungukwa na mikono mpaka ikabidi ianze safu ya pili nje ya ile ya kwanza, kama watu wanaosubiri wenzao washibe.

"Mtani," akaniambia siku hiyo, mikono imemjaa rangi nyekundu hadi kwenye kiwiko, "na wewe kachukue sinia lako. Waambie wakupe kisosi."

Niliinuka hapo hapo nikamwendea binti wa rasta. Nikamwambia nataka sinia pana, lile la shughuli. Akaniamkia, nikaitikia, akaniuliza nyumbani tuko wangapi. Nikamwambia wengi, wanakuja. Akanipimia duara kwa kamba na msumari, nikamwambia ongeza, akaongeza. Nikalipaka mwenyewe, rangi ya udongo mwekundu, kwa brashi ya kupakia ukuta. Sikupindisha ukingo. Halafu nikanawa, nikachovya mkono, nikaubandika chini kabisa, pale ninapokaa mimi nyumbani, karibu na mlango, mahali pa mtu anayeinuka kuleta chumvi. Sehemu nyingine zote nikaziacha.

Nilitazama. Mkono wangu haukuwa mbaya. Vidole vimepinda kwa baridi yabisi, lakini ulikuwa mkono wa mtu aliyelima. Tatizo lilikuwa ule wekundu wote mbele yake, mpana, na hakuna kitu upande wa pili.

Jioni nikampigia binti yangu Majimoto. Nikamweleza habari za ukuta toka mwanzo, na sikuruka kitu. Nikamwambia aje na watoto wake, waje Jumamosi yoyote, wabandike mikono wale ugali warudi. Alikuwa kwenye mashine, nasikia inanguruma, ananijibu kwa kupiga kelele. Akasema kuna foleni ya mpunga mpaka nje, watu wanatoa akiba kwa sababu ya njaa, hawezi kuacha. Akasema tena, na hili lilinikaa, "Mama, si ni mchoro tu?"

Nikamwambia ndiyo, ni mchoro tu. Nikakata simu, halafu nikaendelea kuishika sikioni.

Yule wa Dar es Salaam alisema Krismasi, mama, Krismasi sikosi. Huyu mtoto wangu ana Krismasi nyingi mfukoni, sijui huwa anazitumia wapi. Nikampigia mjukuu, yule wa uuguzi, naye akanisikiliza vizuri, akanionea huruma kwa sauti laini ya kihospitali, akasema yuko kwenye mafunzo kwa vitendo na hawampi ruhusa. Sikumlaumu. Wagonjwa nao ni watu.

Kila nilipokwenda kununua dagaa nilipita pale. Watu wakaanza kuniuliza. Mama wa mkaa, mwendesha bodaboda, hata mhubiri wa jirani: bibi, lile pana ni lako? Watu wako wanakuja lini? Nikawaambia wanakuja. Nilisema kwa sauti ya juu, kichwa kikiwa juu, kama mtu anayewaambia saa ya basi. Ukweli niliamini. Mtu aliyezaa hawezi kuamini kitu kingine, hata ukimwekea ushahidi mezani.

Baadaye binti yangu akapiga mwenyewe. Akasema mama, nimepata upenyo, Jumamosi nakuja na watoto wote. Ee. Ijumaa nilisugua nyumba, nikatoa magodoro juani, nikayapiga kwa mwiko mkubwa mpaka vumbi la miaka likatoka. Unga wa mahindi ulikuwa adimu, wengi walikuwa wakiletewa kutoka Sumbawanga, lakini nikatafuta na nikapata. Jumamosi nikamchinja jogoo wangu, yule mwekundu aliyekuwa akiwasumbua kuku wa mtani, nikampika kwa karanga. Nikasonga ugali wa watu. Ugali wa watu unausonga umesimama, umekanyaga vijiti vinavyoibana sufuria, jasho linakushuka mgongoni. Nilikuwa sijausonga hivyo tangu matanga ya mume wangu, na mabega yaliniuma, lakini ni maumivu niliyokuwa nayataka.

Nikatandika mkeka, nikaufunika ugali kwa sinia jingine usipoe, nikakaa mlangoni. Gari la Majimoto likaja, nilisikia honi yake kule barabarani. Abiria wakapita na mizigo yao. Bodaboda zikaja na kupita. Kisha simu ikalia. Mashine ilikuwa imekata mkanda, na watu wenye mpunga wao wamekaa juu ya magunia wanataka majibu. Watoto walikuwa wamekwishavaa. Akasema mama nisamehe, yaani watoto walikuwa wamekwishavaa.

Nikala. Niliona haya kumwacha jogoo wa watu afe bure. Nilikata tonge upande wangu wa mlango, na ugali ukabaki kama kilima kilichochimbwa mahali pamoja.

Mtani wangu alikuja. Harufu ya jogoo kwa karanga katika mwaka wa maboga inavuka kuta. Akasimama uani, akaita hodi, nikatoka nikarudishia mlango nyuma yangu. Akasema kumbe leo kuna harusi na Wasukuma hatujaalikwa, au mnaogopa tutamaliza. Nikamwambia wageni wangu wamefika, wamekula, wamechoka na safari, wamelala.

Akatazama chini, kwenye kizingiti. Palikuwa na ndala zangu tu.

Mimi nilikuwa nangoja. Nilijua atasema nini, ningeweza hata kumsaidia kulisema: kwamba Wapimbwe siku hizi wanatembea pekupeku, kwamba wajukuu wangu wana mguu mmoja mmoja. Mtani hatakiwi kukuhurumia. Hata msibani, mtu amelala kwenye sanduku, mtani anaingia amevaa kofia ya marehemu anadai deni lake, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mwanamke yule aliinua macho akaniambia taratibu, "Haya Bibi. Walale salama." Akaondoka.

Bibi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita Bibi. Niliingia ndani nikakaa kwenye mkeka, nikahisi kwamba sasa ndiyo nimekuwa peke yangu. Kabla ya hapo nilikuwa nasubiri watu tu.

Baada ya hapo alinisalimia vizuri kila siku. Aliniletea maziwa. Alimtuma binti yake anitekee maji. Sikuwa nataka maji yake, nilitaka anitukane. Siku moja nikamchokoza, nikamwambia ng'ombe wako wamekonda mpaka wanapita katikati ya uzio bila kuufungua. Akacheka kwa adabu, kama mtu anayecheka mbele ya mgonjwa.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Ziwa. Binti wa rasta akatangaza kwamba kabla mvua haijanyesha watapaka vanishi ukuta mzima, na vanishi ikishakauka hakuna mkono utakaoongezwa, kisha wao wanaondoka. Watu waliochelewa wakakimbilia pale na majagi. Hata yule mzee wa dole gumba alikuja, akanawa kwa muda mrefu, akabandika mkono wake karibu na wa mke wake, akauondoa haraka na kuukagua kama bado ni wake.

Mimi nilikwenda asubuhi nikasimama mbele ya sinia langu. Nilivaa kitenge changu cha kanisani. Uwanja ulikuwa umejaa, na kijana mwenye ndoo ya vanishi alikuwa anatoka kule upande wa choo anakuja huku, anapaka kutoka juu kwenda chini, na pale alipopita rangi zilikuwa zinang'aa kama zimelowa. Mtani wangu alikuwepo na wanawe wote, amesimama kidogo nyuma yangu.

Binti wa rasta akaja mbio ameshika simu, uso umechanua. Akasema bibi, wamefika. Nikageuka kutazama barabarani. Kumbe walikuwa kwenye simu. Binti yangu alikuwa ameipata namba ya huyu wa rasta kwa watu wa mtaa, na usiku kucha walikuwa wametumiana picha: yeye na watoto wake huko Majimoto, mdogo wake na wanawe huko Dar es Salaam, na yule wa uuguzi. Kila mmoja alipiga picha ya kiganja chake. Akanionyesha kimoja kimoja, anatelezesha kidole. Nilivitambua vyote kabla hajasema. Mwanangu ana kovu la pasi. Yule mdogo mwenye paji langu alikuwa amepaka hina.

Nikavitazama tena. Vyote vilikuwa vya kushoto. Mtu anayepiga picha mkono wake anaishika simu kwa mkono wa kulia, sasa atapiga upi? Watu wangu wote, niliowafundisha mwenyewe, niliowapiga kofi la mkono walipokosea wakiwa wadogo, walikuwa wameninyooshea kushoto kwenye chakula.

Nikamwonyesha binti. Akatabasamu, akasema hilo ni dogo, picha anaigeuza hapo hapo kwenye simu, kushoto inakuwa kulia. Akaigeuza. Kweli ikawa kulia, kovu likahamia upande mwingine. Akasema atavichora kwa brashi, kwa vipimo vyao vilevile, ni kazi ya muda mfupi, na mtu akitazama hatajua tofauti. Vijana wenzake walikuwa wamekwishachanganya rangi. Watu wakasogea, wengine wakaanza kunipongeza, mama wa mkaa akasema hatimaye bibi.

Nikamtazama yule binti. Alikuwa mtoto mzuri, alikuwa na nia njema, na macho yalikuwa yamemwiva kwa vumbi la ukuta wetu. Nikamwambia, "Hapana. Waje wale ugali kwanza."

Hakuelewa. Akasema bibi, vanishi inafika, baada ya hapa haiwezekani tena. Akabonyeza simu, ikaita, akaiweka sauti ya nje, akaninyooshea. Binti yangu akapokea. Nyuma yake mashine ilikuwa kimya, alikuwa ameizima kwa ajili yangu, na hilo nililijua na lilinichoma.

Kijana wa vanishi alikuwa amefika kwenye sinia la mtani wangu, anapaka ile safu ya pili. Mtani alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Uwanja mzima ulikuwa unasikiliza, hata bodaboda walikuwa wamezima injini zao.

"Mama, nakuomba," binti yangu akasema. "Waruhusu wachore. Watu watapita hapo kila siku wataona huna mtu."

"Hapana," nikamwambia. "Waje wale ugali kwanza."